Mvua Nyingi, Maji Haba: Kuyaelewa Mazingira ya Visiwa vya Komoro

Mji wa Moroni, ulio kisiwani Ngazija na makao makuu ya Muungano wa Komoro, hunyeshewa wastani wa milimita 2,700 hivi za mvua kwa mwaka. Mombasa hupata milimita 1,000 na kidogo juu yake. Kwa hesabu hiyo ingekuwa haki sisi ndio tuwaonee wivu jamaa zetu wa Ngazija kila mifereji inapokauka na mikokoteni ya mitungi ya lita 20 inapoanza kupishana katika vichochoro vya Mji wa Kale na Majengo. Lakini aliye na ndugu Ngazija au Nzwani, na hapa Mombasa ni wengi walio nao, akipiga simu kuwajulia hali husikia habari isiyopishana sana na yake: birika limekwisha, mto umekatika, mtungi wa maji umepanda bei. Nchi inayonyeshewa zaidi ya mara mbili kuliko sisi inalia kiu.

Ajabu hii haielezeki kwa neno moja. Wako wanaosema ni mabadiliko ya tabianchi, wako wanaosema ni ukataji wa miti, na wako wanaosema ni udhaifu wa serikali. Kila mmoja ameshika ukweli, ila mara nyingi ni ukweli wa kisiwa kimoja aliouvisha visiwa vyote. Nionavyo mimi, habari nyingi zinazoandikwa kuhusu mazingira ya Komoro hukosea pale pale mwanzoni, kwa kuizungumzia nchi hiyo kana kwamba ina tatizo moja. Ina matatizo matatu yanayofanana kwa nje na kutofautiana kwa asili, na dawa ya kisiwa kimoja yaweza kuwa haina maana yoyote katika kisiwa cha pili kinachoonekana kwa macho siku ya anga safi. Anayetaka kuyaelewa hana budi kuanza na mwamba, kisha msitu, kisha ardhi na wenye ardhi.

Visiwa vya Komoro ni vinne, vyote vimetoka katika moto wa volkano chini ya bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska: Ngazija, Mwali, Nzwani na Maore. Vitatu vya kwanza vilijipatia uhuru kutoka Ufaransa mwaka 1975. Maore, ambacho Moroni inakidai hadi leo, kilibaki chini ya Wafaransa na mwaka 2011 kikafanywa mkoa kamili wa Ufaransa. Vile vitatu, kwa jumla, havifiki kilomita za mraba 1,900, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu humo watu wapatao 758,000. Jambo kubwa la kushika ni kwamba visiwa hivi havikuzaliwa pamoja. Maore ndicho kikongwe, chenye umri wa mamilioni ya miaka. Mwali na Nzwani viko katikati. Na Ngazija ndicho kichanga, ambacho mlima wake, Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, bado unatapika moto hadi zama zetu. Tofauti hiyo ya umri, ambayo ingeonekana kuwa shughuli ya wanajiolojia peke yao, ndiyo inayoamua nani atachota maji mtoni na nani atayasubiri kutoka paani.

Mwamba usioshika maji

Ngazija hakuna mto unaotiririka mwaka mzima, hata mmoja. Mtalii akiliona jambo hili hudhani kwamba mito imekauka kwa uharibifu wa binadamu, kumbe haikuwahi kuwapo. Sababu ni kwamba zaha, yaani mwamba ulioyeyuka kwa moto, iliyomwagwa na Karthala bado ni changa mno. Haijapata muda wa kuoza ikawa udongo wa mfinyanzi unaoweza kuyazuia maji juu ya ardhi. Imejaa nyufa na matundu. Mvua inyeshe itakavyo, hata kule kwenye miteremko ya magharibi ya Karthala inakozidi milimita 4,000 kwa mwaka, maji yote huzama palepale yanapoanguka na kushuka chini kwa chini hadi baharini.

Mkazi wa Mombasa anayeona jambo hili kuwa geni afungue mfereji wa nyumbani kwake siku ulipo na maji, kwa kuwa sehemu ya maji hayo yamepita njia hiyo hiyo. Vilima vya Chyulu, kusini mwa barabara ya Nairobi, ni vya volkano changa, na mimiminiko yake ya mwisho ya zaha ilitokea katikati ya karne ya 19. Huko nako hakuna mto wa juu. Mvua na ukungu unaonaswa na msitu wa kileleni huzama ndani ya mwamba, husafiri chini ya ardhi kwa kilomita nyingi, kisha hutokeza Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, yakiwa safi kama yaliyochujwa. Tangu miaka ya 1950 bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 limekuwa likiyaleta Mombasa. Kwa hiyo mwamba wa Chyulu na mwamba wa Ngazija una tabia moja. Tofauti ni kwamba maji ya Chyulu yana nchi kavu ya kutosha mbele yake, yakapata mahali pa kutokezea ambapo binadamu anaweza kuyakinga. Ya Ngazija hutokezea ufukweni na chini ya bahari, mahali ambapo hayamfai mtu kitu.

Basi Wangazija tangu zamani wameyakinga kutoka juu. Nyumba nyingi za vijijini, hasa zilizo mbali na Moroni, zimejengwa kwa kuzingatia birika kama vile zinavyozingatia chumba cha wageni. Paa la bati au la saruji huelekezwa upande mmoja, maji hushuka kwa mfereji wa bati au bomba lililopasuliwa, na kuingia katika birika la saruji lililochimbwa nusu yake ardhini kando ya ukuta. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi huachwa ipite kwanza ili iondoe vumbi, majani na kinyesi cha ndege, kisha ndipo maji yanapoelekezwa ndani. Nyumba za fedha zilizotumwa na watoto walioko Ufaransa huwa na birika kubwa, hata la kuuzia jirani; nyumba ya mjane huwa na mapipa mawili. Tofauti ya kipato, ambayo mjini Mombasa huonekana katika uwezo wa kununua tangi na pampu, kule huonekana katika ukubwa wa birika na siku litakapomaliza maji.

Birika lina adui wake. Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili, Aprili na Novemba, na katika milipuko yote miwili majivu yaliangukia mapaa na mabirika ya sehemu kubwa ya kisiwa, yakayaharibu maji ya kunywa ya watu wengi kwa wakati mmoja. Tena birika lisilofunikwa vizuri ni mazalio ya mbu. Na zaidi ya yote, birika halina subira. Hulingana na mvua ya msimu mmoja tu, na msimu ukichelewa halina akiba ya mwaka uliopita.

Hapo ndipo linapokuja suala la visima, na ndipo wengi wanapokosea. Mtu husema: kama maji yote yanazama, si yachimbwe? Yapo kweli chini, lakini maji baridi chini ya kisiwa hukaa juu ya maji ya bahari mithili ya mafuta juu ya maji, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini inasema kwamba kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna mita zipatazo 40 za maji baridi chini ya usawa huo kabla ya kufikia chumvi. Mwamba ukiwa na matundu mengi kama wa Ngazija, maji hayapandi juu. Hukimbilia baharini, na tabaka lile la maji baridi karibu na pwani hubaki jembamba sana. Ukichimba pwani utapata maji upesi, lakini ni ya chumvichumvi, yanayopanda na kushuka pamoja na maji kujaa na kupwa. Ukirudi nyuma bara ili upate maji matamu, ardhi nayo inapanda mlima, na kisima kinageuka kuwa shimo la kina kirefu linalohitaji mtambo mkubwa na umeme wa kuaminika. Moroni hupata maji yake kwa njia hiyo, kutoka visima virefu vya Vouvouni, na umeme ukikatika, maji nayo hukatika.

Wenyeji wa Mji wa Kale hawahitaji kuelezwa sana habari ya maji ya chumvichumvi, maana visima vyetu vya zamani vya nyumbani na vya misikitini vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe ulio juu ya bahari hiyo hiyo. Hayo ni maji ya kuoshea na kutilia udhu, chai haipikiki. Kila pampu inayoongezwa hupunguza utamu uliobakia, kwa kuwa tabaka la juu likinyonywa mita moja, chumvi hupanda kwa hatua kubwa zaidi kutoka chini.

Kwa hiyo, tukirudi Ngazija, kupanda miti milioni moja hakutaleta mto. Miti ya Karthala ina faida zake kubwa, ya kunasa ukungu na kushikilia udongo haba uliopo, lakini uhaba wa maji wa Ngazija kwanza ni suala la uhandisi: mapaa, mabirika yaliyofunikwa, visima vilivyopimwa vizuri, na umeme.

Nzwani na mito yake

Nzwani ni habari nyingine kabisa, na ndiyo inayoumiza. Mwamba wake umezeeka kiasi cha kuwa na udongo mwekundu mzito unaoshika maji. Mabonde yake ni marefu na ya mwinamo mkali, yakishuka kutoka mlima Ntringui wenye mita 1,595. Kisiwa hiki kilikuwa na mito ya kudumu ipatayo 50. Leo iliyo mingi hukatika wakati wa kiangazi, na mingine haionekani ila siku za mvua kubwa. Hapa mito ilikuwapo, watu wazima wanaikumbuka, na imeondoka mbele ya macho yao.

Sababu inayotajwa ni kukatwa kwa msitu, na ni kweli, ila yafaa ielezwe kwa uangalifu maana hapa pana fundo. Si sahihi kusema kwamba miti "huleta mvua" na kwamba ikikatwa mvua hukoma. Mti wenyewe hunywa maji mengi, na katika nchi nyingi imepimwa kwamba mahali palipokatwa miti, maji yanayopita mtoni kwa mwaka mzima yanaweza hata kuongezeka. Kinachobadilika ni wakati. Chini ya msitu, mvua huanguka juu ya majani, kisha juu ya zulia la majani makavu, kisha huingia katika udongo uliotobolewa na mizizi na wadudu, ikakaa humo na kuachiliwa kidogo kidogo kwa miezi. Mti ukiondoka, jua na matone mazito huupigapiga udongo hadi ukashikamana, na mvua ile ile huteleza juu yake na kufika baharini kwa saa chache. Mto hufurika Januari na kufa Agosti. Nzwani hupata mvua nyingi zaidi wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili, na kiangazi chake ni wakati wa kusi. Kwa hiyo kuna miezi mingi ambayo mto hauna cha kuutegemea ila kile kilichohifadhiwa ardhini. Kwenye vilele, ambako ukungu hutanda karibu kila siku, kuna hasara ya pili: majani ya miti mirefu hunasa ukungu huo na kuudondosha chini hata siku isiyo na mvua. Shamba la muhogo halifanyi hivyo.

Ni nani aliyekata? Jibu la haraka ni mkulima, na mkulima ndiye mwenye panga mkononi. Sensa ya 2017 ilihesabu watu wapatao 327,000 Nzwani, katika kisiwa cha kilomita za mraba 424 ambacho sehemu kubwa yake ni miteremko ambayo hata mbuzi huipanda kwa taabu. Hiyo ni zaidi ya watu 750 kwa kila kilomita ya mraba, wengi wao wakiishi kwa jembe. Kwa kawaida mkulima haanzi kwa kufyeka msitu wote. Hupanda migomba na majimbi chini ya miti mirefu, kisha mwaka hadi mwaka huipunguza miti ili jua liingie, mpaka siku moja msitu unakuwa haupo na hakuna mtu anayeweza kusema uliondoka lini.

Lakini swali la haki zaidi ni kwa nini mkulima yuko juu kule. Katika karne ya 19 na mapema karne ya 20 ardhi nzuri ya tambarare na ya mabonde ya Nzwani ilichukuliwa na walowezi na makampuni ya mashamba makubwa, yakiongozwa na kampuni ya Bambao, kwa ajili ya miwa kwanza, kisha mazao ya manukato na viungo. Wanavijiji walisukumwa kwenye vipande vidogo na kwenye miteremko. Uhuru ulipokuja, msukumo ule haukugeuzwa. Idadi ya watu ilikua, vipande vikagawanywa kwa urithi, na kila kizazi kikapanda mlima hatua nyingine. Katika nyanda za Nyumakele, kusini mwa kisiwa, mmomonyoko umekula udongo wa juu hata mashamba mengine yamebaki na rangi ya tofali. Kumwambia mtu wa huko kwamba asilime mlimani bila kumwonyesha mahali pengine pa kulima ni kumwambia asile. Sioni namna ya kulizungumza jambo hili kwa uaminifu bila kuanza na historia hiyo.

Kisha kuna langilangi. Wanawake wa Mombasa wanaoshona vikuba vya asumini wanaijua harufu yake. Wapishi wa manukato wa Ufaransa wanaijua zaidi, kwa kuwa Komoro ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa duniani wa mafuta ya ua hilo, na mengi hutoka Nzwani. Mlangilangi uliletwa visiwani mapema karne ya 20, na hupogolewa chini, ukapindika matawi yake, ili mchumaji ayafikie maua akiwa amesimama. Maua huchumwa alfajiri na hayangoji kesho, maana harufu huondoka. Hutiwa ndani ya mtungi mkubwa wa shaba au wa chuma pamoja na maji, moto ukawashwa chini, na mvuke uliobeba mafuta hupita katika bomba lililoviringwa ndani ya hodhi la maji baridi, ukageuka tena kuwa maji na mafuta yanayotenganishwa kwenye chombo kilicho mwishoni. Mafuta ya saa za kwanza ndiyo ya bei ya juu; mtungi huendelea kuchemka hadi mara nyingine mchana na usiku mzima, ili yatoke na yale ya daraja la chini. Kilo 50 hivi za maua hutoa takriban kilo moja ya mafuta, na kuni zinazochomwa kwa kilo hiyo moja, katika mitambo ya kizamani, huhesabiwa kwa mamia ya kilo.

Angalia mahali mtambo huo unapowekwa: kando ya kijito, kwa sababu lile hodhi la kupozea mvuke linahitaji maji baridi yanayopita. Kazi moja inakula msitu unaolisha kijito na wakati huo huo inakihitaji kijito chenyewe. Wenye mitambo wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mitambo iliyoboreshwa, yenye meko yaliyozungushiwa matofali yasiyopoteza joto, imeonekana kupunguza kuni kwa kiasi kikubwa, lakini ni ghali kwa mtu ambaye bei ya mafuta yake hupangwa na mnunuzi wa ng'ambo. Hata hivyo, naona si haki kuibebesha langilangi lawama yote, kama baadhi ya habari zinavyofanya kwa sababu inapendeza kusimuliwa. Kuni za kupikia majumbani na upanuzi wa mashamba ya chakula ni mizigo mikubwa zaidi, na langilangi huwapa watu fedha taslimu ambazo bila hizo wangelima mlima zaidi.

Udongo ulioteremka nao hauishii mtoni. Huingia baharini na kuyafunika matumbawe, ambayo yanahitaji mwanga na maji safi ili yaishi. Matumbawe hayo yalikwisha kupata pigo mwaka 1998, joto la Bahari ya Hindi lilipopanda na kuyapausha kuanzia Komoro hadi Shelisheli na pwani yetu ya Kenya. Mwamba uliopauka unaweza kurudi kama maji yake ni safi. Uliofunikwa na tope hauna nafasi hiyo. Kwa hiyo mvuvi wa Domoni, mji wa pwani wa Nzwani, anayerudi na kapu jepesi, sehemu ya hasara yake imeletwa na jembe lililo mita 800 juu yake, ijapokuwa mwenye jembe hilo huenda ni kaka yake.

Na kuna afya. Mwaka 2024 kipindupindu kiliingia Komoro na kuwapata watu zaidi ya 10,000, kikiua zaidi ya 100, na kisiwa kilichoumia zaidi kuliko vyote ni Nzwani. Ugonjwa huo una sababu nyingi, za vyoo na za huduma, lakini mahali ambapo mfereji ni mkavu na mto umebaki vidimbwi vinavyotumiwa kwa kufua, kuoga na kunywa, vijidudu hupata njia iliyo wazi.

Mwali

Mwali ndicho kidogo kuliko vyote na mara nyingi huonyeshwa kama mfano wa kuigwa. Kina msitu juu ya uti wake wa mgongo, kina mito inayotiririka, na kule Itsamia kasa hupanda pwani kutaga karibu mwaka mzima, wakilindwa na wanakijiji wenyewe tangu miaka ya 1990. Mwaka 2001 ilianzishwa huko hifadhi ya bahari ya kwanza ya nchi, ikisimamiwa kwa makubaliano na vijiji vinavyoizunguka. Baadaye ikapanuliwa hadi nchi kavu, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kizima kuwa hifadhi ya mazingira hai. Ni kazi ya kupongezwa kwa moyo wote. Lakini tusisahau kwamba Mwali kina watu 51,000 tu. Sehemu ya mafanikio yake ni busara ya wenyeji, na sehemu nyingine ni nafasi, ambayo Nzwani haina.

Yapo mengine ambayo visiwa vyote vitatu vinayo kwa pamoja, na si magumu kuyaelewa. Mchanga wa fukwe ulichotwa kwa miongo mingi kujengea nyumba, na ingawa sheria inakataza, pwani nyingi zimebaki mawe matupu na bahari inasogea majumbani. Taka za miji hutupwa ufukweni na kwenye makorongo, maana kwenye kisiwa kidogo mahali pa kuzipeleka ni pachache. Kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kilipita karibu na ncha ya kaskazini ya Ngazija na kuangusha migomba na minazi kwa siku moja. Popo mkubwa wa Livingstone, anayepatikana Nzwani na Mwali peke yake duniani, amebaki kwa idadi ya elfu moja na mia kadhaa, akining'inia kwenye miti mirefu ya makorongo ambayo panga halijayafikia. Na chini ya bahari, katika mapango ya zaha ile ile isiyoshika maji, anaishi gombesa, samaki wa kale aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosauri hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, kisha wa pili akatokea Nzwani mwaka 1952. Alivuliwa mmoja hata kwetu, karibu na Malindi, mwaka 2001.

Fedha zinaweza nini

Kuna wanaodhani kwamba Komoro ingekuwa tajiri, haya yote yasingekuwapo. Maore inatoa jibu la nusu. Kisiwa hicho kina bajeti ya Ufaransa, kina mabwawa mawili ya vilimani, Combani na Dzoumogné, na kina mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Bado, mvua ilipopungua mwaka 2023, mabwawa yalishuka hata mifereji ikawa inafungwa siku mbili kati ya tatu, na maji ya chupa yakaletwa kwa meli. Na Desemba 2024 kimbunga Chido kiliupiga msitu wake hadi vilima vikageuka rangi. Fedha zilipunguza mateso, na hilo si dogo, lakini hazikuondoa mipaka ya kisiwa.

Upande wa Muungano wa Komoro, tatizo limeongezwa na siasa. Nzwani ilijitenga mwaka 1997, ikarudi katika Muungano mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikaasi tena hadi uongozi wake ulipoondolewa kwa nguvu za kijeshi zilizoungwa mkono na Umoja wa Afrika mwaka 2008, na katika misukosuko hiyo ilikuwa vigumu kupata mamlaka iliyoweza kumzuia mtu kufyeka chanzo cha mto au kumlipa asifyeke. Tangu hapo kumekuwa na juhudi za kweli. Shirika la Dahari, lililoanzishwa Nzwani mwaka 2013, linafanya kazi na wakulima wenyewe, likiwasaidia mbegu na mbinu za kuzuia mmomonyoko, na kufikia makubaliano na wenye mashamba ambayo yana miti ya popo na vyanzo vya maji. Mwaka 2018 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha dola takriban milioni 42 kwa mradi wa maji wa visiwa vyote vitatu, unaosimamiwa pamoja na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa.

Jambo la kuangalia katika mradi wa namna hiyo ni iwapo fedha zitagawanywa kwa kufuata mwamba au kwa kufuata usawa wa kisiasa wa kila kisiwa kupata chake. Ngazija inahitaji saruji, pampu na vipimo vya chumvi. Mwali inahitaji mishahara ya walinzi wa hifadhi isiyokatika mfadhili akiondoka. Nzwani inahitaji mabomba pia, ila bomba likiunganishwa na mto unaokufa Agosti litakuwa kavu Agosti, na kuuokoa mto huo ni kushughulika na miteremko iliyo juu ya tanki la kukingia. Sisi tunalo suala hilo hilo karibu: bwawa la Mwache linalojengwa Kwale kwa ajili ya maji ya Mombasa litajaa tope upesi iwapo mashamba ya juu yake yataachwa yamomonyoke, ndiyo maana kuhifadhi udongo kumewekwa kuwa sehemu ya mradi wenyewe. Kwale, angalau, kuna nafasi ya kumpisha mkulima. Nzwani miteremko hiyo ni mashamba ya watu, yamerithiwa na kugawanywa kati ya ndugu mara nyingi, mengi hayana hati, na mwenye shamba anayetakiwa aache miti yake isimame kwa faida ya mji wa Mutsamudu hawezi leo hata kuthibitisha mahakamani kwamba miti hiyo ni yake. Mradi wowote wa kurudisha mito ya kisiwa hicho utaanzia kwenye makaratasi hayo ya ardhi, kabla ya mche wa kwanza.